Mtungi Ambao Hatukuufungua

Chumba cha zamu,
Kituo cha magari ya wagonjwa.
Jumatano, 14 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Natumaini baridi ya huko imepungua. Sisi huku wazima, ila mimi damu inanichemka, na nisipokuandikia leo nitapasuka.

Tuna msimamizi mpya wa zamu. Tunamwita Bwana Saa, maana macho yake hayabanduki kwenye saa ya ukutani. Zamani, kila asubuhi tulifungua mtungi wa oksijeni, tukasoma geji, ndipo tukatia tiki na sahihi kwenye fomu ya ukaguzi. Yeye akaamuru: tieni tiki, tokeni, mtakagua mkirudi. Magari yakawa yanatoka mapema na wakubwa wakamsifu.

Wiki iliyopita tulimchukua bibi mmoja aliyebanwa na kifua. Katikati ya safari mtungi ukaisha. Nilimsukumia hewa kwa kuminya mpira kwa mkono mpaka hospitali, vidole vikafa ganzi. Yuko wodini, hajafumbua macho.

Kesho yake Bwana Saa alimsimamisha dereva wetu mbele ya watu ishirini.

"Gari lako, mtungi wako! Ulikuwa umelala?"

Nyani haoni kundule! Dereva, mtu mzima mwenye wajukuu, akatazama viatu vyake. Sisi wote tukawa mabubu, Shangazi, nami nikiwemo. Hilo linanichoma kuliko makelele ya yule bwana.

Wewe uliongoza wodi miaka mingi. Dawa ikikosewa, ulijiuliza wewe kwanza, ndipo ukamwita muuguzi pembeni, mlango umefungwa. Nilidhani viongozi wote wako hivyo. Mjinga mimi!

Ijumaa dereva anaitwa kwenye kamati ya nidhamu. Jana Bwana Saa aliniletea karatasi nitie sahihi kwamba ukaguzi aliachiwa dereva. Akachekacheka, "Nafasi ya naibu wangu iko wazi, unajua."

Leo nimemrudishia karatasi yake bila sahihi, pamoja na yangu: amri ilikuwa yake, tiki ni yangu, dereva hakushika hata kalamu.

"Utajiponza mwenyewe," akasema.

Nikamwambia najua.

Baba anakusalimu, bado sijamwambia. Nisalimie mzee wa nyumba na wale mapacha watundu. Mungu awafunike kwa rehema zake.

Nawe uniombee. Usiiombee kazi yangu, muombee yule bibi. Akifa, sahihi iliyo kwenye ile tiki ni yangu.

Ni mimi nikupendaye, hata nikiwa nimefura,
Mtoto wa kaka yako