Njoo na Shazia Yako

Viwanja Sitini,
Ifakara.

Mdogo wangu Evelina, mama Evod,

Pokea marahaba yangu kabla hujaniamkia, maana nina haraka. Habari za Mlimba? Shemeji na kifua chake? Sisi huku tunapumua. Mimi bado nina nguvu zile zile za kubeba mbuzi huku na huku kwapani, ila Evod hayuko nyumbani. Kaa chini kwanza, dada.

Evod yuko mahabusu. Magunia ya mpunga yamepotea kwenye ghala la mashine ya kukoboa anakolinda, yetu yakiwemo, yale uliyoshona mwenyewe ulipokuja kuvuna. Mwenye mashine, Melkiori, kawaambia polisi mlinzi ndiye mwizi. Jumatatu mwanao anapelekwa mahakamani.

Unanijua kaka yako. Nikasema kesi hii naimaliza kabla chai haijapoa. Kwenye simu ya Evod kuna gemu ya mpelelezi, na Ifakara nzima hakuna anayeicheza kama mimi, hata walimu huja kuniuliza. Kanuni yake ni nyepesi: ukiona kitu, kiokote, kitie mfukoni, kisha umwonyeshe mwizi. Mwizi anatoka jasho, anakiri.

Basi nikaingia uani kwa Melkiori mchana kweupe, najifanya natafuta kuku. Nyuma ya jiko, chini ya turubai, palikuwa na magunia. Moja limeshonwa mdomo kwa uzi wa nyavu, kwa lile fundo la marehemu baba la kuzibia nyavu, ambalo bonde zima hakuna anayelitumia kushonea gunia ila sisi. Nikajua ni letu. Mwenye akili angeliacha pale pale akamwite mwenyekiti wa mtaa aje aone. Mimi nikalibeba hadi polisi.

Melkiori hakutoka jasho. Alicheka. Akakubali gunia limetoka kwake, akasema ni lake, na wezi sasa wako wawili, mpwa na mjomba. Polisi walipokwenda kwake, mpunga wote ulikuwa umeshahamishiwa kwenye magunia mapya.

Nikatoa maelezo. Nikaeleza nilivyopambana na vijana wake wenye mapanga, na kiboko aliyenifukuza kutoka mtoni hadi sokoni. Afande Levina alikuwa anaandika. Tulipofika kwenye kiboko akaweka kalamu chini.

Akauliza fundo hilo ni la nani. Nikasema ni langu, baba aliniachia mimi, mtoto wake wa kwanza. Akaleta gunia tupu, uzi na shazia, ile sindano kubwa ya magunia, akasema taratibu, "Shona, mzee, tukuone."

Evelina, vidole havikujua. Nilizungusha uzi hadi nikajifunga kidole gumba. Melkiori alicheka mpaka akatafuta kiti. Evod alikuwa ametolewa, amekaa chini ukutani, ananitazama kama alivyokuwa akinitazama nikimsimulia habari za mamba. Kisha akainamisha kichwa. Baba alipokuwa akiziba nyavu, aliyekaa naye ni wewe.

Hakukuwa na kiboko, dada. Wala vijana wa mapanga. Kulikuwa na gunia tu, na hilo ndilo la kweli, na ndilo hakuna anayeniamini. Ndiyo maana sikupiga simu. Mdomo wangu ukishika simu huongeza chumvi wenyewe, lakini kuandika kunanichosha, nasema yaliyopo tu.

Mdomo wa gunia letu haujafunguliwa. Afande Levina amelifungia kituoni, na wakati anafunga mlango aliniambia kama yupo mtu anayelijua kweli fundo lile, aje kabla ya Jumatatu.

Barua hii nampa kondakta wa gari la Mlimba. Ukiipata, panda gari hilo hilo likirudi. Njoo na shazia yako, ile uliyoizoea mkononi. Ushone mbele yao, Melkiori akiwepo, walinganishe na fundo la gunia. Usiniulize kitu mbele za watu, wala usinitetee. Shona tu.

Nisalimie shemeji na majirani wote. Evod anakuamkia; anasema usilie njiani, macho yatakuuma na kazi unayo.

Ni mimi kaka yako, nisiyejua kushona,
Kasmiri