Ghala la Mama Mkwe

Kabuchai,
6 Februari 2006

Kwa dada yangu Nafisa,

Salamu kutoka huku kwa wakwe zangu. Natumai hujambo, na kwamba miguu ya mama yako, Mama Bilan, imepata nafuu tangu baridi ipungue. Sisi tu wazima. Mke wangu Sellah anakusalimu sana, ile leso uliyompa siku ya Idi bado anaifungia sandukuni kama hati ya shamba.

Nianze na shukrani, maana najua chuoni wananisema: Jairus Mukhwana hujua kugomba tu. Miaka kumi nimeandika mapendekezo ya utafiti na miaka kumi yamerudishwa. Ni wewe, katika ofisi yako ya fedha za utafiti, uliyenifundisha kwamba mfadhili haombwi kwa matusi. Leo hii ninalipwa kuchunguza jinsi akina mama wa Kabuchai wanavyotumia jivu na majani kuzuia dumuzi, hao wadudu wanaosaga mahindi kabla ya kinu. Marehemu baba yako, aliyenipa kitanda nyuma ya duka lake karibu na msikiti nilipokuwa mwanafunzi hapo Kitale, angefurahi. Yeye alinilisha, na sasa binti yake ananilisha.

Ripoti ya kwanza nimeiambatisha. Itume tu ili sehemu ya pili ya fedha ije.

Kazi inaenda vizuri, ila ina vichekesho. Unajua mila yetu: mtu na mama mkwe wake hawakaribiani. Hatupeani mkono, hatukai chumba kimoja, na kutazama ndani ya ghala lake ni aibu isiyosemeka. Na hapa kila mama wa rika lake ni mama mkwe wangu! Kwa hiyo ninasimama nje ya ua, nimewapa mgongo, ninauliza maswali kwa sauti, na Sellah anaingia ghalani, anakagua, anachota sampuli. Juzi Mama Nakhungu mwenyewe, aliyemzaa Sellah, alikohoa tu akitoka jikoni. Daktari mzima wa falsafa nikarukia shamba la miwa.

Ni mimi kaka yako,
Jairus

* * *

Matisi, Kitale,
15 Februari 2006

Kaka Jairus,

Pokea salamu zangu na za Mama. Alhamdulillahi tunaendelea vizuri. Mama anauliza kama bado unakunywa chai bila kula kitu asubuhi.

Habari ya miwa nimeicheka mpaka mkuu wangu, Bwana Kagwe, akachungulia mlangoni. Kisha nikafungua ripoti, kicheko kikakatika.

Umeandika hivi: "Mtafiti mkuu aliingia katika kila ghala na kulikagua kwa macho yake." Mfadhili hakutunga maneno hayo. Ni wewe uliyeyatia katika pendekezo lako, ukayatilia sahihi, yakawa mkataba. Na sasa katika barua unaniambia uko nje ya ua umegeuza kisogo. Kaka, siwezi kuituma ripoti hii. Andika kilichofanyika.

Halafu niambie, huyo anayeingia ghalani ni nani katika mradi? Nimetafuta jina la Sellah kila mahali, halimo. Halipwi, hatambuliki, na kazi yote ni yake.

Usidhani nitafumba jicho kwa sababu tulikula sahani moja. Nilikwisha kumwandikia Bwana Kagwe kwamba umelelewa kwetu. Ndiyo maana faili lako nalisoma mara mbili.

Dada yako,
Nafisa

* * *

Kabuchai,
21 Februari 2006

Nafisa,

Salamu. Natumai mko salama.

Nimesoma barua yako na chai ikanipoa mkononi. Ati niandike kilichofanyika! Kilichofanyika ni kwamba utafiti umefanywa, kwa uaminifu, katika maghala ambayo msomi mwingine asingekaribishwa hata kwenye lango lake. Leo watu waliokaa kwenye ghorofa huko ng'ambo, ambao hawajawahi kushika gunzi la mahindi, ndio watakaonipangia pa kusimama uani kwa mama mkwe wangu? Walikuja na vitabu vyao wakatwambia mila zetu ni ushenzi, na sasa wanakuja na hundi. Nikifuata mila, nimevunja mkataba. Nikifuata mkataba, nimemvua mama mkwe heshima mchana peupe. Na katikati wamemweka nani kuwa askari wao? Binti wa Mzee Issack!

Kuingia ni kuingia. Mkono wa mke wangu ni mkono wangu, macho yake ni macho yangu. Huko kwenu mwili na mwili vinahesabiwa kama magunia, huku mume na mke ni kitu kimoja.

Ukikataa kuituma, nitaandika gazetini. Unanijua.

J. Mukhwana

* * *

Matisi, Kitale,
11 Aprili 2006

Kaka yangu Jairus,

Salamu nyingi. Tunaendelea vizuri, ila Mama amekuwa akiuliza mbona huandiki, nami nikachoka kumdanganya. Nikamsomea barua yako yote. Akasema, "Huyo kijana hata alipougua malaria alibishana na kwinini. Akaimeza."

Gazeti nimelitazama kila Jumapili. Sijaona kitu. Nashukuru.

Sasa nisikilize. Fedha za sehemu ya pili zimesimamishwa. Bwana Kagwe anataka mradi ufungwe mwisho wa Juni na kilichobaki kirudishwe. Nimemwomba anipe mwezi mmoja. Mwaka juzi mwenzako mmoja alificha jambo dogo kuliko hili, mfadhili akagundua, akaondoka na miradi ya watu wengine ambao hata hawakumjua. Hao ndio ninaowalinda. Silindi ghorofa ya ng'ambo.

Lakini kanuni hiyohiyo unayoitukana ina mlango, na hukuusoma kwa sababu ulishaanza kugomba. Inasema mtafiti akikuta jambo la mila au usalama linalomzuia kufuata mpango, aandike mapema, aeleze, aombe mpango ubadilishwe. Hakuna adhabu. Adhabu ni kwa anayeandika kwamba aliingia na hali hakuingia.

Andika ukweli wako. Eleza ua, mgongo, miwa. Omba Sellah awe mtafiti mwenza, kwa jina lake na malipo yake. Barua hii msomee na yeye.

Dada yako, ambaye hajakukasirikia,
Nafisa

* * *

Kabuchai,
3 Mei 2006

Dada yangu mpendwa,

Salamu kwako na kwa Mama Bilan. Mwambie kwinini nimeimeza.

Sikumsomea Sellah barua yako. Aliikuta mezani akaisoma mwenyewe, yako na nakala ya yangu, maana mimi hutunza nakala ya kila tusi ninaloandika. Nilikuwa nikitengeneza jembe. Akaja akasimama mbele yangu.

"Mkono wangu ni mkono wako?"

"Ni namna ya kusema, mke wangu."

"Basi chukua mkono wako ukapande ghalani kesho. Ushike na hao dumuzi. Unaweza kuniambia ghala la Mama Phelista lina matabaka mangapi ya jivu?"

Nikarudia kugongagonga mpini wa jembe.

"Unaweza kuniambia kwa nini yeye anachanganya pilipili na mama yangu hachanganyi?"

"Uliniandikia..."

"Niliandika! Nani aliandika?"

"Wewe."

"Na kule kwenye ripoti nani aliandika?"

Nafisa, mimi nimegombana na mawaziri kwenye kurasa za magazeti. Nimegombana na maaskofu. Aliyenishinda ni mwalimu wa darasa la sita aliyevaa kanga ya kupikia. Miaka yote napiga kelele kwamba wakubwa wanavuna kazi za wadogo bila kuwataja, na humu nyumbani mwangu nilikuwa mfadhili mbaya kuliko wote.

Ombi la kubadilisha mpango hili hapa. Tumeliandika pamoja, na penye maneno makali ujue ni yeye. Nimeambatisha pia bajeti mpya. Utaona nimeweka mbuzi mmoja na blanketi moja. Mila yenyewe inaruhusu ule mwiko kati yangu na Mama Nakhungu uondolewe kwa zawadi hizo, ili niweze hata kumsalimia kwa mkono. Naona ni gharama halali ya utafiti.

Kaka yako,
Jairus

* * *

Matisi, Kitale,
12 Mei 2006

Kaka Jairus,

Salamu. Tu wazima wote.

Ombi ni zuri sana. Nimelituma siku hiyohiyo bila kugusa hata nukta.

Mbuzi nimemkata. Nilijaribu, wallahi. Nilimweka chini ya "ushirikiano na jamii". Bwana Kagwe akauliza kama mbuzi huyo ni kifaa au ni mtaalamu mshauri, na kama ni mtaalamu, wasifu wake uko wapi. Blanketi nalo limefuata mbuzi. Hayo nunua kwa mshahara wako.

Mpe Sellah hongera. Na mwambie atume namba ya akaunti yake, si yako.

Dada yako,
Nafisa

* * *

Kabuchai,
9 Septemba 2006

Dada yangu Nafisa,

Salamu tele. Huku mavuno yameingia na kila mtu ana makapi kwenye nywele.

Wamekubali! Ulilijua kabla yangu, lakini wacha nilitangaze. Tena wametuma mgeni wao kuja kuona, mama mmoja mrefu aliyevaa viatu vya mvua siku ya jua kali. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba ya nusu saa juu ya ukoloni. Sikupewa nafasi. Akapanda ghalani na Sellah na Mama Nakhungu, wakakaa humo mpaka kivuli kikahama, na mimi nje ya ua kama mchunga ng'ombe, nikisikia vicheko tu. Aliposhuka alinishika mkono akasema katika kazi zote alizokagua, ni hii tu ambayo aliyeikosea alieleza mwenyewe alivyoikosea. Nikasema asante.

Fedha zimefika. Maghala yote yatafuatiliwa mpaka Desemba. Na dada, nakushukuru. Ungeituma ile ripoti ya kwanza kwa kunihurumia, leo ningekuwa mwongo mwenye pesa.

Mama Nakhungu amesikia habari zako zote. Amempa Abdihakim, dereva wa lori la Kitale, gunia la mahindi mapya akuletee, aliyoyachagua kwa mkono wake. Kuleni mkinikumbuka.

Kaka yako,
Jairus

* * *

Matisi, Kitale,
14 Septemba 2006

Kaka yangu,

Salamu kwenu wote, na poleni kwa kazi ya mavuno.

Utanisamehe. Gunia limefika na nimemrudishia Abdihakim aje nalo. Anayesimamia fedha za mradi haruhusiwi kupokea kitu kutoka kwa watu wa mradi huo, hata kama ni mahindi, hata kama ni ndugu. Mama Bilan alisimama mlangoni akiliangalia likipakiwa tena kwenye lori, hajaniongelesha tangu asubuhi.

Niombee radhi kwa mama mkwe wako.

Dada yako,
Nafisa

* * *

Kabuchai,
22 Septemba 2006

Nafisa dada yangu,

Salamu, ingawa ni za haraka.

Gunia lako limetuletea moto. Mama Nakhungu aliliona likishushwa akauliza kutoka jikoni, kwa sauti ya kunifikia mimi kule nje, "Ati imerudi? Kwani huko Kitale wanadhani nimeweka dawa? Huyo msichana si alilelewa pamoja na mkwe wangu? Basi ni mtoto wangu. Mtoto gani anarudisha chakula cha mama yake?"

Amelifunga ghala. Sellah alipokwenda kuchota sampuli ya mwezi alipewa uji akaambiwa arudi kwa mumewe. Mama Phelista naye amefunga, na wengine wanafuata. Tukikosa sampuli hizi mwaka mzima umekufa, na hakuna ombi la marekebisho litakaloufufua.

Sina hasira na wewe. Nimeshaelewa kwa nini umefanya hivyo. Kinachonishinda ni kumweleza yeye. Nimemtuma Sellah na maneno "mgongano wa maslahi". Nusura amwagiwe maji. Nifanyeje?

Kaka yako,
Jairus

* * *

Matisi, Kitale,
26 Septemba 2006

Kaka Jairus,

Salamu. Ukurasa huu mpe Sellah amsomee mama yake, polepole.

Mama yangu Nakhungu, shikamoo. Mimi ni Nafisa, binti wa marehemu Issack. Chakula chako sikukirudisha kwa dharau wala kwa hofu. Wewe na mkwe wako Jairus hampeani mkono miaka yote hii. Hamchukiani. Mnaheshimiana, na kila mmoja anajua ua wake uko wapi, ili mtu wa nje asipate neno la kusema juu ya nyumba yenu. Mimi na kazi hii ya maghala tuko hivyohivyo. Wakati faili lake liko mezani kwangu, kati yangu na zawadi yako pana ua. Siku faili litakapofungwa, ua huo utaondoka, na nitakuja mwenyewe. Naomba uniwekee.

Mtoto wako,
Nafisa

* * *

Kabuchai,
3 Oktoba 2006

Dada,

Salamu. Andika tu upya vitabu vyote vya kanuni, nitavinunua.

Sellah alisoma. Mama Nakhungu akasikiliza mpaka mwisho, akapiga paja. "Ah! Kumbe ni mambo ya mkwe! Si wangesema hivyo tangu mwanzo? Wanaleta maneno marefu bure." Jioni ghala lilikuwa wazi, na kabla ya giza Mama Phelista na wenzake walikuwa wameshasikia. Gunia lako limewekwa pembeni ndani, limefungwa kamba nyekundu, ole wake atakayeligusa.

Na mimi, niliyeandika kurasa na kurasa kwamba kanuni zao na mila zetu ni maadui, nimekaa kwenye miwa nikafikiri sana.

Kaka yako,
Jairus

* * *

Matisi, Kitale,
19 Februari 2007

Kaka Jairus,

Salamu. Mama Bilan anatembea vizuri, na ameanza kuniongelesha.

Leo asubuhi Bwana Kagwe ametia sahihi ya mwisho. Ripoti imekubaliwa, jina la Sellah likiwa la kwanza kama ulivyoomba. Faili lako nimelifunga na kulipeleka stoo kwa mkono wangu.

Jumamosi nakuja Kabuchai na Mama. Mwambie Mama Nakhungu ua umeondoka.

Dada yako, bila cheo,
Nafisa

* * *

Kanduyi, Bungoma,
27 Februari 2007

Dada yangu Nafisa,

Salamu na shukrani kwa kuja. Tumesharudi kwetu Kanduyi, na huko nyuma nasikia Mama Bilan bado anasifiwa.

Mbuzi wangu bado sijapata pesa za kumnunua, kwa hiyo nilikuona kwa mbali tu, kutoka kwenye miwa, ukipanda ngazi ya ghala na Mama Nakhungu akikushika kiuno usianguke. Mlikaa sana. Mlicheka sana. Mwaka mzima nimesomea ghala hilo na sijawahi kuona kilichomo. Tafadhali niambie, ndani kukoje?

Kaka yako,
Jairus

* * *

Matisi, Kitale,
5 Machi 2007

Kaka Jairus,

Salamu. Tu wazima, na ugali wa mahindi hayo umetunenepesha.

Soma ripoti ya mkeo.

Dada yako,
Nafisa