Wanaponiita Doto

Jumatatu, 2 Juni
Nimeshona sare za kwaya tangu asubuhi. Uzi unakatika ovyo. Mama mmoja akaingia kibandani kwangu hapa Buhongwa, akanishika mikono yote miwili. "Mungu akubariki, mwanangu. Umenirudishia nyumba yangu." Nikamwambia mimi ni Kulwa fundi, wakili ni pacha wangu Doto. Akaniachia kama aliyeshika sufuria ya moto. Akaondoka.

Alhamisi, 5 Juni
Doto redioni. Mama katunyamazisha wote. Doto anaeleza haki za wajane: mume akifa, ndugu zake hawana ruhusa ya kumtupa mke nje. Anaongea taratibu, hapandishi sauti. Mama machozi yanamtoka kwa fahari. Mimi ndiye ninayekaa naye, ninayempeleka kliniki ya presha. Sijawahi kumwona akinilia hivyo.
Namwonea wivu Doto. Wivu mtupu.

Jumamosi, 7 Juni
Doto kaja na sangara mkubwa kutoka Kigongo. Kapewa na Mama Minza, mjane anayemtetea mahakamani. Shemeji zake wanaing'ang'ania nyumba aliyoijenga na marehemu. Hukumu ni Jumatatu.
Wanawake wa mtaa wakajaa uani. Doto akamsikiliza kila mmoja, hana haraka, anauliza mpaka majina ya watoto. Mimi nikapaa samaki, nikapika, nikaosha vyombo. Mimi hajaniuliza kitu. Kanizidi nini? Tumbo ni moja, na mimi ndiye niliyetangulia kutoka.

Jumanne, 10 Juni
Jana Mama Minza kashinda.
Leo mchana wanaume wawili wakaingia kibandani. Wale shemeji zake. Mkubwa akasema, "Doto, wewe ndiye unawafundisha wanawake jeuri?" Neno lilikuwa mdomoni: mimi siye. Lakini wangeniuliza Doto anakaa wapi. Nikalimeza. Na niseme ukweli, si kwa ajili yake tu. Nilitaka kuwa yeye, japo kidogo.
Nikasema, "Nyumba ni ya Mama Minza. Tokeni nje." Sauti ilitoka kubwa, sikuijua.
Akanisukuma. Nikaangukia cherehani. Mkono wa kulia umevunjika. Majirani wakapiga yowe, wakawashika wote wawili kabla hawajafika barabarani.

Jumatano, 11 Juni
Naandika kwa mkono wa kushoto, kama jana. Inauma. Wageni wamejaa, wote wanaulizia kama Doto yuko salama.

Ijumaa, 13 Juni
Doto kaja akitokea polisi. Kafunga mlango, kalia sana.
"Kwa nini hukuwaambia wewe si mimi?"
Nikamsogezea kigoda.
Akasema kila siku ya kesi hutapika kwanza, chooni, peke yake. Hakuna anayejua, hata Mama. Nikafurahi kusikia anaogopa. Mungu anisamehe, nilifurahi. Halafu nikamhurumia. Halafu wivu ukarudi, maana anaogopa na bado anakwenda.

Jumapili, 15 Juni
Sikwenda kanisani. Siwezi kujichana kwa mkono mmoja. Doto akaniketisha mkekani, akasema atanisuka. Hajui kusuka. Mistari imepinda, kanikaza mpaka macho yananiuma. Upepo wa ziwani ulikuwa mzuri. Nimemwacha amalize kichwa kizima.