Mto Uliokwenda Kuwa Nyumba

Mke wangu Mutheu,

Rasimu ya tasnifu yako uliyotutumia nimeisoma yote. Kurasa zote, kuanzia jalada mpaka mwisho, na makosa ya chapa nimeyawekea alama. Waambie maprofesa wako kwamba huku Kalama kuna mzee wa darasa la nne anayeweza kuwatahini katika historia ya bunilizi za kisayansi, na akawaangusha wote.

Haya, acha kucheka. Nimesoma jalada. Halafu nikasoma pale penye jina langu, nikilifuata kwa kidole, nikamwomba mama yako anieleze hicho Kiingereza kilicholizunguka. Akasema umeniita mzee mwenye kumbukumbu kamilifu. Hapo ndipo chai iliponipalia.

Unakumbuka siku ile? Ulikuja mchana na simu yako ya kurekodi na kilo mbili za sukari, ukaketi kwenye kiti cha marehemu nyanya yako. Wewe umepewa jina lake, ndiyo maana nakuita mke na hakuna anayeniuliza. Ukanieleza kazi yako polepole, kama mtu anayemlisha mtoto uji. Ati wasomi wanasema hadithi za mitambo na siku zijazo zilizaliwa ng'ambo, sisi tukaletewa baadaye kama mitumba. Wewe ulitaka kuwaonyesha kwamba hata huku watu waliiwaza kesho yao kabla hawajaona lori la kwanza.

"Umau," ukaniuliza, maana hujawahi kuniita babu kwa Kiswahili, ila kwa lugha yetu, "babu yako hakukuhadithia kitu kama hicho?"

Nikaiangalia ile sukari. "Alinihadithia," nikasema.

Nikakupa ile ya mto. Kwamba mto wetu hapa chini utachoka kulala. Utasimama, utatembea mpaka mjini, na huko utajipanga uwe kuta. Watu watahamia ndani, waoane, wapike. Halafu siku moja, saa sita mchana, sahani zikiwa mezani, kuta zitasikia mvua inanyesha kwao, na zitakumbuka njia.

Ulinisogezea simu karibu. Kisha ukauliza, "Na watu walio ndani?"

"Hao hadithi haiwajui," nikakujibu, nikacheka, nikakutuma uchemshe chai.

Mutheu, babu yangu hakunihadithia kitu. Alikuwa mtu wa mbuzi na ugoro, na akifungua mdomo ujue kuna mtu anatukanwa. Hadithi ile niliitunga nikiwa nimeketi mbele yako, nikakuona unavyoandika kwa furaha, nikashindwa kukuzuia. Wewe ukaenda ukaijengea sura nzima.

Lakini siku ileile ulinifundisha jambo. Ulisema zimwi linaweza kutoka popote, ila hadithi ya kisayansi lazima ishike kitu kilichopo, ikisukume mbele, ione kitafika wapi. Basi mimi nilishika sepetu.

Mnajua nyote kwamba nilipakia mchanga kwenye malori hapo mtoni mpaka mgongo ukakataa. Msichojua ni mchanga gani. Mwanzoni ulikuwa safi, ukiusugua kiganjani unaanguka wote. Ulipoisha tukachimba kingo. Ule wa kingo nikiusugua, kiganja kinabaki chekundu. Huo ni udongo, na fundi yeyote anajua udongo na saruji havikai pamoja. Nikamwonyesha msimamizi kiganja changu.

"Pakia, mzee," akasema. "Huko mchanga unakoenda hawaangalii viganja."

Nikapakia. Dereva akaniambia mzigo ni wa Syokimau, kule mjini, jumba la ghorofa lenye lango la kijani, karibu na reli.

Na wewe ulipohamia huko ulituambia tukija tusipotee: tutafute lango la kijani, treni inapita nyuma.

Labda si hilo. Malori yalikuwa mengi, na malango ya kijani ni mengi. Sijui. Huko kutojua ndiko kunakonifanya niache ugali kwenye sahani.

Mwezi uliopita ulimtumia mama yako picha ya ufa juu ya dirisha lako, ukatania kwamba ukuta nao umeanza kuandika tasnifu. Juzi ukasema ufa umepanuka mpaka unashika kalamu, na sasa hutafuti tena mahali pa kuiweka. Na kwamba mlango wa choo umekataa kufungika. Mama yako akakwambia hama. Ukamjibu huhami mpaka sura ya mto iishe, ukazima simu ili uandike. Tangu hapo kimya.

Basi sura nimeimaliza mimi. Andika kwamba mzee alidanganya. Andika kwamba hadithi ni yake mwenyewe, na ilitungwa baada ya malori, si kabla. Wakikunyima shahada, nitavaa koti langu la harusi nije niwaambie kwa mdomo wangu. Ndiyo maana barua hii naiacha wazi. Mama yako ataiweka kwenye kundi la ukoo la simu, wote wanione nilivyo, na yeyote aliye karibu na Syokimau akuletee maneno haya mpaka mlangoni. Agonge mlango taratibu.

Leo asubuhi mvua imeanza. Nilishuka mtoni na fimbo yangu. Zamani maji yalikuja polepole, mchanga ukiyanywa. Leo yamepita mbio juu ya mwamba mtupu, na mlio wake niliujua mara moja: ni wa lori tupu linaporudi kuchukua mzigo.

Uliponiuliza kuhusu watu walio ndani, nilisema hadithi haiwajui. Mmoja namjua. Ana jina la mke wangu.

Sasa, kuna kitu kidogo nakudai. Siku ile ukiondoka uliniahidi kwamba sura ikikamilika utanisomea kwa Kiswahili, neno kwa neno, hapa uani. Sijasomewa. Kiti cha nyanya yako nimekifuta vumbi. Beba hizo karatasi na nguo zako, njoo unisomee, hata kama ni uongo mtupu. Na barua hii ikikufikia asubuhi, toka kabla ya saa sita.

Ni mimi, Umau wako,
mwenye kumbukumbu kamilifu.