Kuni za Msiba wa Mzee Manase

Jumamosi, 12 Julai 1997

Baridi. Vidole vimekufa ganzi. Shangazi Yunisi amefika jana kutoka Dar na begi lile lile lenye vibandiko vya ndege — Geneva, Berlin, Rio. Bibi akamtazama, akauliza kama kote huko hawampi chakula. Shangazi akacheka kidogo, kisha akalala na viatu.

Leo kanieleza kazi. Majiko ya udongo ya mradi wake yameshagawiwa kijijini, sasa nyumba kumi na mbili zitapimwa wiki nzima. Asubuhi napima fungu la kuni kavu, nawaachia, wanatumia hilo hilo tu. Kesho yake napima kilichobaki. Kilichopungua ndicho walichochoma. Fizikia ya Form Two.

Mpimaji ni mimi! Mimi, ambaye hata kuku hawasikii hodi yangu.

Jumatatu, 14 Julai

Wameshanibatiza jina: Mama Mizani. Jirani yetu Fidelia ndiye mbaya zaidi. "Kamwene, Mama Mizani! Leo nipime na mimi, mume wangu anasema nimepungua!" Wote wakacheka. Nikatazama chini, nikaandika kilo.

Lakini namba ni nzuri. Majiko yanakula kuni kidogo sana kuliko mafiga. Shangazi alipoziona uso ulibadilika, akafanana na ile picha yake ya chuo.

Jioni nilimuuliza kama anaipenda kazi yake. Akanieleza huku akimenya viazi. Alianza akidhani watu wakishajua joto la dunia linapanda, wataacha kulipandisha. Sasa anakaa kwenye kumbi za mikutano ya hali ya hewa, nchi zinabishana juu ya sentensi moja mpaka wakalimani wanaondoka. Taasisi yake imepunguza watu, waliobaki wanaishi kwa miradi ya wafadhili. Mkataba wake unaisha Septemba. Mwisho wa mwezi huu kuna mkutano Bonn. Akisimama pale na namba za kijiji chetu, mkataba unaendelea, na Desemba anakwenda Kyoto, kwenye mkutano mkuu wenyewe. Asiposimama —

Akachukua kiazi kingine, akamenya.

Alhamisi, 17 Julai

Mzee Manase amefariki alfajiri. Nyumba yake iko juu kidogo ya kanisa. Ndiye aliyenisikiliza nikisoma Biblia kwa mara ya kwanza mbele za watu. Nilitetemeka, akajifanya anakohoa ili nipumzike.

Shangazi hayupo. Jana alikwenda Makambako, kwenye duka la Halfan lenye simu na faksi, kuongea na mkubwa wake wa Dar.

Huku msibani hakwendi mtu mikono mitupu. Kila nyumba mzigo wa kuni, maana watu watalala pale na moto hauzimwi. Na ukungu umelowesha kila kitu. Kuni kavu ni zipi? Zile za fungu. Kuni za miti ya miwati nilizozipima mwenyewe.

Bibi akafunga mzigo wake. Nikasema, kwa sauti yangu ile, Bibi, hizo ni za vipimo. Akaniuliza, basi niwapelekee wafiwa kuni za moshi?

Njia nzima wanawake na mizigo kichwani. Nyumba zangu zote kumi na mbili! Na mizani yangu ya kutundikia nilikuwa nayo, kwenye mfuko. Ningeweza kusimama pale uani. Mama, pole na msiba, hebu tundika kwanza hapa. Kilo nne, asante. Nani anaweza kufanya hivyo? Nilikaa na mfuko magotini. Fidelia alipita, safari hii hakutania, akanishika bega tu.

Sikupima hata mzigo mmoja.

Ijumaa, 18 Julai

Maziko. Manyunyu. Kuni zimeendelea kwenda.

Shangazi alirudi mchana kwa lori la Halfan. Aliposikia, hakuvua hata koti. Akafunga mzigo kutoka kwenye fungu letu, akajitwika, akapanda msibani. Usiku ndipo akaniuliza, "Ulipima zilizokwenda?"

Nikatikisa kichwa.

"Hata mimi nisingepima," akasema. Kisha akafunika uso kwa mikono, akakaa hivyo mpaka Bibi akamwita aje kula.

Jumapili, 20 Julai

Namba za siku mbili za msiba zinaonyesha majiko mapya yanakula kuni nyingi kuliko mafiga. Ukizipeleka hivyo, mradi umeshindwa. Ukiziacha wazi, wiki haikutimia, na Bonn hawapokei. Bwana Linus, mkubwa wake, alishamwambia kwenye simu: pakiwa na pengo weka wastani, nani atakuja Njombe kuhesabu kuni?

Nikamuuliza, wastani ni uongo?

"Ni makadirio."

"Ya nini, Shangazi? Kuni za siku hizo hazikuchomwa jikoni."

"Nimechoka, Ema," akasema. Si kwa ukali. Kama mtu anayetaja jina lake.

Jumatatu, 21 Julai

Makambako. Naandika nimekaa juu ya gunia la viazi, dukani kwa Halfan. Treni ya Shangazi ni jioni. Vipimo vya siku tano vimekwenda kwa faksi. Siku mbili bado.

Halfan anatutania tangu tufike: dada zangu, mimi nabeba magunia kwa lori na sijaitwa Ulaya, nyie kwa kuni tu mnapanda ndege! Shangazi akatabasamu, akatoka nje kupata hewa.

Simu ikalia. Halfan akasikiliza, akaninyooshea. "Bwana Linus huyo. Sema naye, mpima kuni."

Akauliza, una namba za Alhamisi na Ijumaa? Shangazi alikuwa mlangoni, amesikia. Nikamnyooshea simu. Hakuja kuipokea. Alisimama tu, mkono kwenye mlango.

Nikasema sina. Kulikuwa na msiba, watu walipeleka kuni.

Akasema hasikii, niseme kwa sauti.

Nikasema kwa sauti! Duka zima likageuka.

Kisha laini ikakatika, yenyewe au kakata yeye, sijui.

Shangazi ameagiza chai, vikombe viwili. Yangu inapoa. Amelifungua begi, amekunjua karatasi ya vipimo, Alhamisi na Ijumaa bado ziko tupu, ameiweka kwenye kaunta na kalamu juu yake.

Simu inalia tena. Halfan ananitazama mimi, hamtazami Shangazi.