Niliandika Kigoma Mahali pa Nchi ya Nje

Litapunga, Alhamisi. Mvua imepiga tangu alfajiri, ikaacha saa nne, sasa jua linachoma matope. Moyo wangu uko juu.

Kuandika mimi najua. Niliingia darasa la watu wazima nikiwa na mvi tayari, nikawashinda wenye macho mazuri kuliko yangu. Huku kwenye simu naandika kwa kidole kimoja, na anayeona makosa ayaruke. Kwa nyuki sina makosa. Wilaya nzima ya Nsimbo hakuna wa kunizidi, na anayebisha aje tupande mti, tuone nani atashuka na asali na nani atashuka amevimba midomo.

Mimi ndiye mwenyekiti wa umoja wetu wa wafuga nyuki. Sio biashara ule. Tunafundisha watu kufuga, basi, na tumesajiliwa kama asasi isiyogawana faida.

Shida ni kwamba misimu miwili sasa nyuki wanaingia kwenye mizinga, wanakaa kidogo, halafu wanahama. Ukienda msituni unagonga mzinga unasikia utupu. Wanafunzi wetu nusu wamerudi kwenye tumbaku. Msimu wa tatu ukiwa hivihivi umoja unakufa, na watasema ulikufa mikononi mwangu.

Ndipo tukasikia serikali ina ruzuku kwa asasi zinazobadilishana mafunzo na utafiti na wenzao wa nchi nyingine. Wawili wetu waende kwao, wawili wao waje kwetu, tuchunguze jambo moja kwa pamoja. Na wenzetu tunao! Tulikutana nao kwenye maonyesho ya wakulima. Wanasuka mizinga ya mianzi, na wao nyuki waliwahama, wakahangaika mpaka wakajua namna ya kuwarudisha. Tuliongea nao nyuma ya banda, kwa sauti ya chini.

Sauti ya chini kwa sababu tuliongea Kirundi.

Sasa niseme nilichofanya. Kwenye fomu kuna kisanduku kinauliza mshirika wenu yuko nchi gani. Katibu wetu ni Mama Nestori, Mpimbwe, kabila la wenyeji wa huku, aliyeolewa hapa kwetu, mwandiko wake mzuri. Nikamwambia aandike Kigoma.

Akaniangalia. "Kigoma, Mwenyekiti?"

"Kigoma. Andika."

Kamati ni watu saba. Ukimtoa Mama Nestori, sita tuliobaki ni wazee, na wote sita tukaitikia kwa kichwa kwamba sawa. Hakuna aliyecheka. Fomu ikaenda.

Asiye wa kwetu anaweza kutuona wajinga. Wazazi wetu walivuka mpaka na sisi tukiwa na meno ya utoto. Tukapewa ardhi, tukafyeka, tukalima, tukawazika wazazi hapahapa, na baadaye tukapewa uraia. Cheti changu kimo ndani ya mifuko miwili ya nailoni, ndani ya sanduku la bati, na ufunguo nalala nao. Tangu nikipate, kwenye karatasi yoyote yenye jina langu siiandiki ile nchi. Hakuna aliyenikataza. Hakuna aliyenitisha hata siku moja. Ni mimi mwenyewe nilijiwekea kwamba jina langu na jina la ile nchi vikikutana kwenye karatasi moja, mtu atakuja kugonga mlango aniambie nirudishe cheti.

Nimeona aibu kuiandika hiyo sentensi. Nimeiacha.

Jumatatu akapiga simu afisa maendeleo ya jamii, binti mmoja mpole lakini hapindiki. Alisema fomu ina kasoro na mwisho wa kuirekebisha ni kesho Ijumaa, kwa hiyo anakuja mwenyewe. Leo kaja na pikipiki kwenye mvua, tukakaa ghalani kwetu watu kumi na wawili.

"Wazee wangu," akasema, "shikamooni. Barua ya wenzenu mliyoambatanisha ina muhuri wa Burundi. Fomu yenu inasema Kigoma. Mimi Kigoma nimeitafuta nje ya nchi sijaiona. Nipeleke ipi?"

Tukaangalia bati kana kwamba linavuja.

Akageuza ukurasa. Akasema kuna sehemu nyingine tumeiacha wazi, na ni sehemu yenye alama nyingi: kama asasi ina mtu anayejua lugha ya wenzao, aandikwe, kwa sababu ndiye atakayefundisha na kufasiri. Akauliza, "Nani hapa anajua Kirundi?"

Watu kumi na mmoja wanaogombeza wajukuu kwa Kirundi kila siku ya Mungu, wote wakawa viziwi. Mimi nikiwemo.

Mama Nestori akashindwa kuvumilia. "Jamani nyie! Mimi Mpimbwe nimetetwa kwa Kirundi humu miaka ishirini, leo hakuna anayekijua?"

Watu wakapasuka kucheka. Yule binti naye akacheka mpaka akavua miwani. Na katika kicheko hicho nikaona mkono wa Misago unapanda polepole. Nyie hamumjui Misago. Mimi nikinunua bomba la moshi la kufukizia nyuki, kesho yake na yeye analo. Nikihamisha mizinga bondeni, na yeye yuko bondeni. Sasa mkono wake umefika begani, unaendelea kupanda, na pale pale nikaona mbele ya safari: Misago mkufunzi, Misago mfasiri, Misago amevaa koti anaagwa na ukoo mzima.

Nikasimama.

"Shusha mkono, Misago. Kirundi chako ni cha kuombea chumvi. Anayekijua ni mimi."

"Wewe?" akasema. "Si juzi ulisema umesahau hata kuhesabu?"

"Nimekumbuka."

Basi, huo ndio ushujaa wangu wote wa leo. Ningependa kuandika kwamba niliishinda hofu kwa akili. Wivu ndio uliniinua.

Afisa akasema jina la nchi nalo linasahihishwa na mwenyekiti kwa mkono wake, na anaweka sahihi pembeni. Akanipa kalamu. Nikamuuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, karatasi hii inakwenda na jina langu?"

"Inakwenda na jina lako, baba."

"Na ikishafika huko, mimi nakuwa nani?"

Hakucheka. Nadhani alielewa kuliko nilivyouliza. Akasema, "Unakuwa Mtanzania mwenye rafiki nje ya nchi. Ndiyo wanaowatafuta, baba."

Nikapiga mstari juu ya Kigoma. Nikaandika herufi moja moja, na ile r ilinisumbua kidogo. Herufi saba tu, na mimi nimepanda miti mirefu kuliko mtu yeyote wa hapa, lakini sijawahi kupanda polepole vile. Nikaweka sahihi. Nilipoinua kichwa nikakuta wazee wenzangu wamesimama nyuma yangu wanaiangalia kalamu. Misago ndiye aliyenishika bega.

Binti akaifunga fomu kwenye plastiki, akaondoka kabla mvua haijarudi. Na sisi tuliporudi nyumbani, barabarani, tuliongea Kirundi kwa sauti ya kawaida. Mama Nestori akasema leo angalau anasikia vizuri anavyosengenywa.

Majibu bado. Walioomba ni wengi na tunaweza kukosa. Lakini kama wana macho hawatatuacha, maana mizinga mitupu tunayo, wenzetu wanaojua dawa tunao, na lugha ya kuwauliza tunayo. Wawili watakwenda. Mmoja ni mimi, hilo nimeshaamua, kamati inabisha na iendelee kubisha. Wa pili nitampendekeza Mama Nestori, aone walipojifunzia hao wasengenyaji. Misago ataangalia mizinga yangu.

Kuna jambo nataka kulimalizia hapa kabla simu haijazima. Sijawahi kuliandika mahali popote.

Nilizaliwa Burundi. Na hapa hakuna fomu iliyoniuliza.