Picha Niliyoipeleka Darasani

Mabatini, Mwanza
Alhamisi, saa nne asubuhi

Kaka yangu mpendwa Masalu,

Shikamoo. Hamjambo wewe na wifi Rose? Mguu wa mama unaendeleaje, au ile dawa ya kuchua haijamsaidia? Nimesikia mwanenu Shimba ameanza kusimama dede, mnibusie. Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu, lakini roho haijatulia tangu Jumatatu. Kila nikisikia hodi hapa nilipopanga, nachungulia dirishani kabla ya kufungua.

Nikueleze kwa utaratibu. Mwalimu Pius alitupa kazi ya kikundi kuhusu utandawazi. Tulikuwa watatu: mimi, Kinjal, ambaye kwao wana duka la vitambaa mjini, na Revocatus wa Usagara, mtoto wa wafugaji, ambaye samaki anamjua akiwa kwenye sahani tu. Kinjal alitaka tuzungumzie vitambaa. Mimi ndiye niliyeng'ang'ania mabondo. Niliona fahari, kaka, kwamba kitu kinachotoka Nansio kwetu kinafika kwenye karamu za watu wa Uchina wasiojua hata Ukerewe iko wapi.

Basi tukaeleza vizuri. Tulisema bondo ni kile kifuko cha hewa tumboni mwa sangara, kwamba zamani tulikuwa tunakitupa, na kwamba leo kinakaushwa, kinapanda meli mpaka Mwanza, kinapanda ndege, kinaishia kwenye supu. Wenzetu walipiga makofi. Kisha ikatokea ukutani picha ya mwisho.

Unaikumbuka. Niliipiga Pasaka nyuma ya nyumba ya mama, wewe umeinama unapasua samaki. Uso wako hauonekani, ni mikono na kisu tu. Uliniambia nisimwonyeshe mtu, nami nikacheka.

Mwalimu alikuwa amealika mgeni, afisa wa uvuvi. Picha ile ilipopita alisimama akasema, "Irudisheni hiyo." Akaisogelea mpaka kivuli chake kikaangukia ukutani. Akasema sangara wale ni watoto, hawajafikia kipimo. Akaonyesha kwa kidole kokoro, wavu wa kukokota uliokatazwa, lililoanikwa kwenye ua wa mama. Mimi hata sikuwahi kuliona katika picha ile, kwa kuwa nimelizoea. Akasema mawe yale yanayoonekana nyuma ya ua anayajua, amefanya kazi Ukerewe miaka sita. Halafu akauliza, "Nani kaileta picha hii?"

Jibu alilopewa ni kwamba kaileta Revocatus.

Tangu siku hiyo Revocatus ameitwa ofisini mara mbili. Wamemwambia mpaka kesho Ijumaa awe ametaja picha ilipigwa wapi hasa na mtu yule ni nani, la sivyo atasimamishwa chuo na jina lake litapelekwa polisi. Yeye anajibu hajui, na kweli hajui. Kinjal alinikalisha chini jana kantini akaniambia hajalala vizuri, kwamba baba yake Revocatus ameuza ng'ombe ili huyu kijana asome, na kwamba nisipozungumza atazungumza yeye. Juu ya hayo yote, Mwalimu anataka kila mmoja aandike ukurasa mmoja kueleza kazi ile imemfundisha nini juu ya utandawazi. Nimekaa na karatasi siku tatu. Ninachokiona ni kwamba bondo lilikatiza dunia nzima na hakuna aliyeliuliza limetoka kwa nani. Picha imevuka ukuta mmoja wa darasa, na wameshauliza.

Kaka, sasa nakuomba ukae chini kabla hujaendelea kusoma.

Aliyesema ni Revocatus ni mimi. Afisa alipouliza, niliona mikono yako ikiwa na pingu, mdomo ukatamka jina lake wenyewe. Revocatus aligeuka akanitazama. Hakukataa. Tulipotoka nje aliniambia tu, "Suzana, nilidhani ungejirekebisha mwenyewe." Hakurudia tena.

Leo saa mbili nimekwenda kwa Mwalimu Pius. Nimemwambia picha ni yangu, ua ni wa mama yangu, na mikono ni ya kaka yangu aliyenisomesha kwa mabondo yale yale. Nimelitaja jina lako. Akanipa kiti. Amesema afisa atakwenda Nansio kesho na meli ya asubuhi.

Ndiyo maana nampa barua hii Chenge, anayefanya kazi melini, ikufikie leo jioni. Usitoroke kwenda visiwa vya mbali, nakusihi. Chukua lile kokoro ulipeleke mwenyewe ofisi ya uvuvi hapo Nansio kabla hawajafika. Watu wanasema anayejipeleka husikilizwa. Sijui kama ni kweli. Naogopa sana kwamba si kweli. Mama mwambie wewe, kwa kuwa mimi sitaweza.

Ukiamua kuacha kunilipia, nitaelewa. Ukinikasirikia, una haki. Ila ningenyamaza, kesho ningekuwa nimemfukuzisha chuo mtoto wa watu, na ningerudi Nansio likizo kula ugali wako nikiwa na siri hiyo.

Msalimie wifi, msalimie mama, na majirani wote wa pale ufukweni wanaoniulizia. Mungu akushike mkono kesho.

Ni mimi mdogo wako, kama bado unanikubali,
Suzana